Mtoto wa Mfanyakazi Akisoma Siasa



Mara nyingi katika mikutano ya tawi twasikia mzazi akilalamika kwamba mtoto wake amepata nafasi Chuo Kikuu, lakini badala ya udaktari au uinjinia ameitwa kusoma elimu ya siasa. Huuliza, "Atakula nini? Au atakuwa mbunge?" Sisi wa reli twaona swali la kwanza ni la haki. La pili linatokana na kutoijua elimu yenyewe. (Wako wabunge wasioisoma hata siku moja, na mara nyingine jambo hilo huonekana.)

Elimu hiyo si mafunzo ya kupiga domo jukwaani. Kwa miaka minne mwanafunzi husoma jinsi katiba zinavyotungwa, jinsi fedha za serikali zinavyogawanywa, jinsi idara zinavyoendeshwa, tena hesabu za kuchunguza maoni ya watu. Yaani husoma ni nani anayeamua, na kwa njia gani. Mambo hayo sisi hutufikia yamekwisha. Reli ilikodishwa mwaka 2006 kwa mkataba wa miaka 25, nao ukavunjika mwaka 2017. Mwaka 2013 ukawekwa ushuru wa asilimia 1.5 juu ya mali iingiayo nchini ili reli mpya ijengwe. Yote mawili yalikuwa katika karatasi kabla hayajafika karakanani. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kugoma, na hicho twakitaja kila mara. Kifungu cha 118 kinaliamuru Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Je, ni wangapi kati yetu wamepata kupeleka huko hoja iliyoandikwa?

Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi kabla ya kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Alikaa mwaka mmoja tu, akarudi bila digrii. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na 1962 akawa Waziri wa Kazi. Ali Mazrui wa Mombasa naye alikataliwa Makerere kwa sababu ya alama za mtihani. Akasoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akawa profesa wa elimu ya siasa pale pale Makerere.

Lakini tusidanganyane, si kila mtu ni Mboya. Digrii hii haina leseni kama ya daktari, na vijana wengi wanazunguka Nairobi na vyeti mkononi huku mkopo wa Bodi ukiwadai. Kazi zipo katika wizara, kaunti 47, magazeti, vyuo na vyama, ila humwendea yule aliyeongeza ujuzi mwingine, kama uhasibu, sheria au takwimu.

Kwa hiyo twaleta shauri. Mtoto wa mwanachama anayesoma siasa apewe nafasi katika ofisi ya chama wakati wa likizo, atunze majalada ya kesi, asome Sheria ya Kazi ya 2007 pamoja na katibu, na alipwe nauli na chakula. Fedha zitoke katika mfuko wa tawi. Tutaomba kura zipigwe katika mkutano ujao, na wanaopinga waje na sababu zao.