Eti mara ya kwanza mimba haiingii?

Wamama wapenzi, darasani tunasikia binti wakiambiana: mara ya kwanza mimba haiingii, na ukijiosha mbio na maji ya chumvi, yote yanatoka. Ni uongo. Hata ambaye hajaona damu ya kwanza anaweza kubeba mimba, kwani yai hutangulia damu kwa karibu wiki mbili. Mbegu ya mwanaume huishi ndani hadi siku 5, na maji hayaifikii. Tunajua haya inatushika. Mwambie mkitwanga sombe wawili. Dawa ya kuzuia mimba hufaa ikimezwa mapema, kabla ya siku 5 kupita. Aliyelazimishwa asioge kwanza, asingoje familia zipatane: aende kituo cha afya, dawa ya kuzuia SIDA ianze kabla ya masaa 72.