Diski Mbili si Nakala Mbili

Majuzi mwalimu mkuu mmoja alinieleza kwa fahari kwamba tarakilishi mpya ya mhasibu wake ina diski kuu mbili zinazoandikwa mambo yale yale kwa wakati mmoja, na kwa hivyo rekodi za karo na alama za mitihani haziwezi kupotea kamwe. Nilimpa hongera, kisha nikamuuliza nakala nyingine iko wapi. “Daktari, hukunisikia? Nimesema ziko mbili.”

Hapo ndipo penye kosa, na si lake peke yake.

Mpango huo huitwa reidi. Jina hilo lilienea kutokana na makala ya mwaka wa 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei nafuu zikiunganishwa zaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali, mradi pawe na njia ya kustahimili kufa kwa mojawapo. Kwani diski zikiwa nyingi, vifo navyo huwa vingi. (Baadaye neno “nafuu” katika jina hilo liliondolewa, pakawekwa “huru”. Yamkini wauzaji hawakupendezwa na unafuu.)

Zipo aina kadhaa. Ile iitwayo sifuri hugawa kila faili vipande vipande katika diski zote. Ina kasi, na haipotezi nafasi hata kidogo, lakini diski moja ikifa, yote yamekwenda. Fundi anayetaka kumfurahisha mnunuzi huichagua hiyo, kwa kuwa diski mbili za terabaiti 4 zikifanywa kioo hutoa terabaiti 4 tu, na mnunuzi hudhani amepunjwa. Aina ya tano huhitaji diski tatu au zaidi, nayo hutumia hesabu ya pariti. Chukua diski tatu: ya kwanza imeandikwa 1, ya pili 0, ya tatu huandikwa tarakimu itakayoifanya jumla iwe shufwa, yaani 1. Ya kwanza ikifa, mashine hutazama 0 na 1 zilizosalia, ikatambua kwamba kilichopotea ni 1.

Mwanafunzi wa Kiswahili asiishangae hesabu hiyo, kwa maana lugha yake huifanya kila siku. Sema: “Vitabu vyangu vitatu vikubwa vimepotea.” Kiambishi cha ngeli kimejirudia mara tano. Hata muziki wa matatu ukimeza silabi moja au mbili, msikilizaji atazirejesha kutokana na zilizosalia. Upatanisho wa kisarufi ni bima dhidi ya kelele.

Lakini tuseme nilikusudia viatu, ulimi ukateleza nikasema vitabu. Vyangu, vitatu, vikubwa, vimepotea: viambishi vyote vitalitetea kosa langu kwa uaminifu mkubwa. Reidi nayo ni vivyo hivyo. Humlinda mwenye faili dhidi ya kifo cha diski, haimlindi dhidi ya mkono wake mwenyewe. Ukifuta, kioo nacho hufuta papo hapo. Kirusi kikizifunga faili kwa fumbo ili udaiwe fidia, hufungwa katika diski zote. Mwizi naye habebi diski moja akakuachia pacha wake. Hubeba sanduku zima.

Nasema haya kwa uchungu. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, tulikuwa na rekodi za wazee wakisimulia ngano na kutaja majina ya mimea kwa lahaja yao. Tarakilishi ilikuwa na kioo barabara. Siku moja msaidizi mmoja, akitafuta nafasi, alifuta folda aliyodhani ni ya majaribio. Tuligundua baada ya wiki kadhaa, wakati nafasi ile ilikwisha kuandikwa mambo mengine. Diski zote mbili zilikuwa nzima kabisa, na mpaka leo sina mtu wa kulaumu, kwani mimi ndiye niliyesema kioo kinatosha. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wamekwisha kufariki.

Sisemi shule zisinunue reidi. Ofisi inayopokea karo haiwezi kusimama siku mbili ikingoja diski mpya, na hiyo ndiyo kazi ya reidi: shughuli ziendelee huku diski iliyokufa ikibadilishwa. Ibadilishwe upesi, maana zilizosalia mara nyingi zilinunuliwa siku moja na marehemu. Ila pawe pia na nakala iliyochomolewa kutoka kwa mashine, inayolala katika jengo jingine. Yetu siku hizi hupelekwa kila Ijumaa, na mwisho wa muhula mimi huchagua faili moja bila mpango, nikaifungua na kusikiliza kama mzee bado anazungumza.