Mbona kwenye vitabu vyetu mwenye ugonjwa lazima afe?

Nilipotea kidogo, testi zilinibana, lakini sasa nimerudi na leo nina jambo linanikereketa rohoni. Ni refu kidogo, nivumilieni.

Chumbani kwetu hosteli kuna mwenzangu kamaliza kusoma riwaya ya Nicholas Sparks, A Walk to Remember, ile ya mwaka 1999. Kalia mpaka macho yamevimba. Kisa chenyewe kiko mji mdogo wa Beaufort, North Carolina, Marekani. Kijana anampenda binti wa mchungaji, binti ana saratani ya damu, na kijana anamuoa hivyo hivyo. Hakuna anayekaa kibarazani kubishana huo ugonjwa kautoa wapi.

Nikajiuliza, hivi sisi ya kwetu iko wapi? Riwaya ya mapenzi na ugonjwa mzito, ya mji mdogo kama Kasulu au Kibondo, ambako ukinunua dawa ya mafua asubuhi, jioni mtaa mzima unakupa pole?

Vitabu vya ugonjwa tunavyo jamani, sikatai. Tuliopita sekondari tunakumbuka tamthilia za Kilio Chetu na Orodha. Kwa Kiingereza tukasoma Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala. Vyote ni Ukimwi. Na vyote msiba. Furaha wa kwenye Orodha anakufa. Adyeeri wa Mapalala anakufa. Ukifunga kitabu unabaki na funzo moja tu: ukipenda vibaya, utakufa.

Siwalaumu waandishi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika mwaka 1983 Kagera, jirani zetu kabisa sisi wa nyanda za juu za Kigoma, na miaka ile kufa ndio ulikuwa ukweli. Kilio Chetu ni cha mwaka 1996. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali za serikali mwishoni mwa 2004. Mwaka huo huo William Mkufya alitoa Ua la Faraja, riwaya nene inayowatazama wenye ugonjwa kama watu wanaofikiri na wanaopenda. Lakini niambie, kwenye darasa lako la sekondari nani alikuwa nayo?

Sasa ngoja niwasimulie kilichonikuta, na hapa najisema mwenyewe.

Mwaka jana nilienda TP shule moja huko Kibondo. Mwezi wa saba, baridi ya asubuhi inakung'ata masikio na vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye chaki. Kidato cha tatu nikawafundisha Orodha. Nikawapa swali: kifo cha Furaha kinatufundisha nini? Karibu darasa zima waliandika kwamba alivuna alichopanda. Nikaweka vema, vema, vema. Sikufikiria mara mbili.

Binti mmoja hakuandika kitu. Nikamwita pembeni, nikijiandaa kugomba. Akaniambia kwa sauti ndogo huku anaangalia viatu vyake, "Madam, mimi nilizaliwa nao. Nilipanda nini?"

Wadau, niliishiwa maneno. Mimi mwalimu mtarajiwa, nimesoma saikolojia ya elimu na malezi, sikuwa na jibu! Nilimwambia tu "pole", nikarudi ofisini nikakaa na lile rundo la madaftari. Zile vema zote nilikuwa nimempiga nazo yeye.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi nilikuwa na jibu nyumbani. Shangazi yangu wa Kasulu (kaniruhusu nisimulie, ila jina nisitaje) anaishi na virusi tangu nikiwa mdogo. Miaka mingi hakuchukua dawa Kasulu, alipanda gari kwenda Kibondo. Nyumbani alikuwa anaaga kwamba anafuata maharage ya kuuza! Na kweli alikuwa anarudi na maharage, maana uongo nao unahitaji gunia. Barabara enzi hizo vumbi tupu, unafika huwajui hata unaosafiri nao. Yote hiyo ili jirani asimwone kwenye benchi la CTC.

Huko huko Kibondo akampata mzee mmoja wa sokoni aliyekuwa anampimia hayo maharage. Wakapendana. Mwezi wa tatu shangazi akamwambia ukweli, akijua basi ndio mwisho. Mzee akapotea wiki mbili. Siku ya soko akatokea, hana hotuba wala maua, akauliza tu, "Hivyo vidonge unavimeza kabla ya kula au ukishakula?"

Huyo leo ndiye mjomba wangu. Yeye hana virusi, na mtoto wao hana. Saa tatu usiku mjomba ndiye anayesema "mama, saa imefika", na shangazi anameza kidonge chake, maana siku hizi ni kimoja tu kwa siku. Halafu wanagombana kuhusu bei ya mahindi kama wanandoa wengine wote.

Hiyo sio riwaya jamani? Mapenzi yapo, siri ipo, hofu ipo. Kinachokosekana ni maiti tu.

Na wala sio muujiza. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaotumia dawa, zaidi ya 90 katika kila 100 virusi vyao vimefubazwa. Na wataalamu wa afya duniani wanakubaliana kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na anaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ukweli umebadilika, somo letu la fasihi limebaki kwenye msiba wa 1996.

Najua kuna watakaosema, wewe binti, ukiandika mapenzi matamu ya namna hiyo vijana hawataogopa tena. Nawajibu kwa heshima: uoga tumeujaribu. Uoga ndio uliompandisha shangazi gari kwenda mji wa mbali kufuata dawa. Uoga ndio unaomfanya mwanafunzi wa bweni afiche kidonge kwenye soksi na siku nyingine aache kukimeza. Mkoa wetu wa Kigoma ni kati ya mikoa yenye maambukizi ya chini kabisa nchini, na nadhani ndio maana mwenye nayo anajiona yuko peke yake. Tukimwonyesha kwenye kitabu kwamba mwisho wake ni jeneza tu, ameze kidonge ili iweje?

Sisemi Orodha itupwe. Ifundishwe, lakini mwalimu awaambie watoto imeandikwa kwa ajili ya wakati gani, na baada yake kimetokea nini. Na nyie mnaoandika hadithi za mapenzi, za wivu na mabosi wenye magari, hebu njooni huku kwetu kwenye baridi. Mtuandikie mtu mwenye ugonjwa ambaye anapendwa, anagombezwa, anazeeka.

Yule binti wa Kibondo nilimrudia kabla TP haijaisha. Nilimwambia habari za shangazi, mpaka ile ya kabla au baada ya kula. Alicheka, mara ya kwanza namwona anacheka. Halafu akauliza, "Kitabu chake kinaitwaje Madam, nikatafute?"

Ilibidi nimwambie hakipo.

Naomba kutoa hoja. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi, ngoja nilale.