Maji Darini mwa Gari

Mvua za masika zianzapo kunyesha Uganda, wenye magari wengi hugundua jambo lililofichwa na kiangazi: dari ina doa la kahawia, zulia la miguuni limelowa, na ndani mna uvundo. Mwenye gari hukimbilia silikoni, akapaka paani juu ya lile doa, na mvua ya pili ikamwumbua. Kosa lake ni kuamini kwamba maji huingilia pale yanapodondokea. Maji yakishapenya bati hutambaa juu ya kitambaa cha dari, yakafuata waya au ubavu wa chuma, na kudondoka mbali na tundu.

Uchunguzi huhitaji watu wawili na subira. Mmoja hukaa ndani na tochi. Mwingine hushika mpira wa maji, akiyaacha yatiririke polepole. Aanze chini, ukingoni mwa kioo cha mbele, akae hapo dakika chache. Ndipo apande kwenye mipira ya milango, mifereji ya paa, na mwisho antena na bolti za keria. Akianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila mahali, asijue lipi ni lipi. Poda ikinyunyizwa kwa ndani kandokando ya mipira, tone la kwanza litachora njia yake. Kopo la mtoto litapungua kidogo, lakini ni nafuu kuliko ujira wa fundi.

Gari lenye kidirisha cha paa huwadanganya hata mafundi. Mpira wa kidirisha hicho hauzuii maji yote, wala haukukusudiwa. Yanayopenya huangukia katika mfereji unaokizunguka, yakatolewa nje kwa mirija myembamba, aghalabu minne, iliyofichwa ndani ya nguzo za gari. Vumbi na majani yakiiziba, mfereji hufurika. Uzi mnene wa nailoni, kama wa kukatia majani, ukipitishwa taratibu huzibua. Upepo wa kompresa huweza kuuchomoa mrija ndani ya nguzo, na hapo kazi huwa nyingine kabisa.

Hatari yenyewe si doa. Maji yashukayo katika nguzo ya mbele huweza kufikia sanduku la fyuzi, na taa zikazimika usiku, askari akiwa njiani kwenda zamu.

Mpira uliokauka hubadilishwa. Mshono wa bati ukwanguliwe, kutu iondolewe, upakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha gundi ya bodi. Silikoni inayonuka siki haifai, kwani asidi yake huchochea kutu ileile. Anayetaka kushusha dari au vifuniko vya nguzo katika gari lenye mifuko ya hewa kando afungue betri kwanza na kungoja kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Kazi hiyo yafaa kuachiwa fundi aijuaye.

Zulia nalo linyanyuliwe pamoja na sponji iliyo chini yake, vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Sponji hunywa maji mengi na kuyatunza kwa majuma, huku sakafu ikiliwa na kutu kimyakimya.