Tungo za walio ughaibuni zitunzwe Kitale na Bungoma

Benki Kuu ya Kenya huhesabu kila mwezi fedha zinazotumwa na Wakenya walio ughaibuni. Mwaka 2024 zilikuwa takriban dola bilioni 4.9. Maneno wanayotuma hayana mhasibu. Wapo watu wa Bungoma na Kitale, walinzi, madereva na mayaya katika miji ya Ghuba, wanaotunga mashairi kwa Kiswahili au Kibukusu na kuwatumia jamaa zao kwa simu. Hiyo ni fasihi, na wa kuitunza ni sisi tuliobaki huku.

Wajapani wametutangulia. Waliotua Santos, Brazili, mwaka 1908 kwa meli ya Kasato Maru walikwenda kuchuma kahawa. Baadaye, mwaka 1927, akafika Nenpuku Sato, aliyewafundisha wakulima wenzake haiku, yale mashairi mafupi ya silabi 17. Haiku hudai neno la kutaja majira, na theluji ya kwao haikufaa tena, basi wakaingiza miti na wadudu wa Brazili. Marekani mambo yalikuwa magumu zaidi. Baada ya shambulio la Japani huko Pearl Harbor, Desemba 1941, familia nyingi za Kijapani zilichoma vitabu na barua zao kwa hofu, kisha watu wapatao 120,000 wakafungiwa kambini. Huko nako waliandika; kambi ya Tule Lake ilikuwa na jarida lake la fasihi, Tessaku. Haiku nyingi za kambini tunazisoma leo kwa sababu Violet de Cristoforo, aliyefungwa huko mwenyewe, alizikusanya na kuzitafsiri, akazichapisha mwaka 1997.

Mpinzani atasema tungo za namna hii zina vina vya kulazimisha na mizani iliyopinda. Nyingi ndivyo zilivyo, wala sioni haja ya kuzipamba. Lakini Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha alipokuwa akipeleka mashairi yake Mambo Leo, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yakachapwa pamoja na ya wasomaji ambao leo hakuna awakumbukaye. Anayechuja kabla ya kukusanya humtupa na Shaaban wake. Wengine watasema simu inatosha kuhifadhi. Simu huibwa, na kundi la WhatsApp huvunjwa kwa ugomvi wa jioni moja. Pingamizi zito ni la usalama: yaya anayemwandika mwajiri wake huku bado analala nyumbani kwake anaweza kuumizwa. Basi jina lake lifichwe, na shairi lifungiwe mpaka mwenyewe aruhusu.

Gharama si kisingizio. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Makumbusho ya Kitale yenyewe yalitokana na vipepeo, ndege na vitabu vya mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefungua jumba lake mwaka 1926. Mkusanyo wa mtu aliyeongozwa na mapenzi yake tu ukaja kuwa mali ya taifa. Tungo za vibarua wa Ghuba haziombi jengo. Zinaomba karani mmoja Bungoma na mmoja Kitale, namba ya simu ya kupokelea tungo, na rejista inayoonyesha kila utungo ulitungwa mwaka gani na katika mji upi, ule wa Kibukusu ukiandikwa kwa Kibukusu kabla hajatafutwa mfasiri.