Mvuke Utupwao na Wapima Ardhi

Mpima ardhi asimikapo antena ya kupokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti za kuongozea safari, zizungukazo dunia kwa urefu wa kilomita 19,000 na zaidi, husumbuliwa na mvuke wa maji uliomo hewani. Mvuke huo huyachelewesha mawimbi, hata njia ikaonekana ndefu kuliko ilivyo. Naye huikokotoa hitilafu hiyo, huiondoa, kisha huitupa.

Hapo ndipo penye hasara. Tangu mwaka 1992 wataalamu wa Marekani wameonyesha kuwa hitilafu hiyo yenyewe ni kipimo. Lau mvuke ulio juu ya antena ungegeuka maji, kila milimita 1 ya maji hayo ingelingana na nyongeza ya milimita 6 au 7 katika njia ya wimbi. Watabiri wa Ulaya huvitumia vipimo hivyo kila siku. Puto la kuchunguzia hewa hurushwa mara moja au mbili kwa siku, tena kwa gharama, antena haipumziki.

Katika Afrika ya Mashariki antena zilisimikwa Malindi, Nairobi na Mbarara, na tangu 2016 kandokando ya Ol Doinyo Lengai, ili kuchunguza mwendo wa ardhi. Si haki vipimo vya namna hiyo kufungiwa katika idara moja ilhali mkulima angoja habari za mvua. Kinachohitajika si kikubwa: baromita na kipimajoto kando ya antena, na njia ya kuwafikishia watabiri hesabu ndani ya saa moja. Zikichelewa zaidi, mvua huwa imekwisha kunyesha.