Tuuimbe Ruhuji Ukiwa Bado Unatiririka

Nimechoka na makala za kusifia nyimbo za watoto za Kijapani. Kila siku ni yale yale: eti Wajapani wanajua kukumbuka, wana kijito chao cha utotoni, wakiimba machozi yanawalengalenga. Sawa. Halafu? Mimi ni mtu wa Njombe, na nina ugomvi na sifa hizo.

Chukua "Haru no Ogawa", wimbo wa kijito cha majira ya kuchipua. Uliingia kwenye kitabu cha nyimbo za shule za msingi za Japani mwaka 1912. Maneno yanatajwa kuwa ya Takano Tatsuyuki na muziki wa Okano Teiichi, ingawa kitabu chenyewe hakikuweka majina ya watunzi. Inasemekana Takano alikuwa anakiwaza kijito cha Kohone, karibu na alikoishi, Yoyogi, Tokyo. Kijito kilikuwepo, kinatiririka. Kwa hiyo haukuwa wimbo wa kumbukumbu hata kidogo! Ulisifu kitu kilicho mbele ya macho. Majonzi yalikuja baadaye, Kohone ilipofunikwa kwa zege wakati Tokyo inajiandaa kwa Olimpiki za 1964. Leo kuna jiwe la ukumbusho tu. Majonzi tunayoyasifia yaliletwa na zege. Mshairi hakuyatunga.

Sasa njoo kwetu. Mtoto wa Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, mahali ambapo mwezi wa saba baridi inaunguza majani ya chai, anacheza "Ukuti Ukuti". Mnazi wenyewe hajawahi kuuona. Akipelekwa chekechea ya Kiingereza anafundishwa "London Bridge", daraja la mto Thames. Ila mto Ruhuji, wenye maporomoko yake hapo hapo karibu na mji, kando ya barabara ya Makambako, hausikii darasani. Na maji ya Ruhuji ndiyo yanayoingia Kilombero, kisha Rufiji, mpaka pwani kwenye hiyo minazi anayoiimba. Mto umefika kwa wenye wimbo, wenye wimbo hawajaufikia mto.

Najua nitakayoambiwa. Nenda Makambako, kilomita kama 60 tu kutoka hapa, uwaambie akina mama wanaosubiri maji kwamba unataka wimbo. Watakuuliza: wimbo unajaza ndoo? Haujazi. Wala haukuiokoa Kohone. Watoto waliimba, na zege ikamwagwa. Hoja hiyo naikubali yote, na bado nasema tuandike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wazima wangapi wanaijua? Mtoto hasomi sheria, mtoto anaimba. Akiimba kwamba ukingo wa Ruhuji si pa kupanda milingoti, siku moja atamuuliza baba yake swali gumu shambani.

Tena wimbo wa Wajapani una kasoro tusiyopaswa kuiga: hautaji jina la kijito. Ndiyo maana mpaka leo tunasema "inasemekana". Sisi tutaje: Ruhuji. Tutunge kwa Kiswahili, na kwa Kibena pia, maana bibi zetu wanaimba na sisi tunaishia kuwarekodi kwenye misiba. Wa Makambako nao wawe na wao, hata kama ni wimbo wa foleni ya ndoo bombani. Wimbo wa watoto si lazima uwe na maua.

Ninyi mnaoandika mashairi humu, mnajua vina na mizani kuliko mimi mwandishi wa habari. Beti mbili zinatosha, ziimbike na mtoto wa miaka mitano. Ila msikae sana. Mkisubiri mpaka Ruhuji ubaki mfereji, mtaandika wimbo mzuri sana wa kuliza watu, na nitakuwa wa kwanza kukataa kuusifia.